Stesheni Isiyojibu

Babati haina reli. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mwaka ninaotaka kuusimulia niliuishi nikiwa na treni masikioni kila wiki, na bado sikupanda behewa hata mara moja. Ukitaka kuiona treni kutoka kwetu ni lazima upande basi, uipite Kondoa, ufike Dodoma. Huko ndiko inakopita njia kuu, ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, na mabehewa yake ya abiria, ya mafuta, ya saruji na ya ng'ombe. Mwaka jana nilikwenda Dodoma kupimwa macho. Nilikuwa nimesikia kwa mzee mmoja ninayesali naye kwamba Gervas, mwenye treni zile za masikioni mwangu, amestaafu, kwamba miguu inamsumbua, na kwamba anakaa karibu na stesheni ya zamani. Kliniki ilikwisha mapema, basi la kurudi Babati lilikuwa la kesho yake, na nikajikuta namwelekeza dereva wa bajaji upande wa reli. Sikuwa na hasira wala hamu. Nilikuwa nimechoka tu na swali moja, kama mtu anavyochoka na kijiwe ndani ya kiatu, mwishowe akakaa chini akavua.

Mwaka ule mkoa wa Manyara ulikuwa umetoka tu kukatwa kutoka Arusha, na Babati, iliyozoea kuwa mji wa kupitia, ikaambiwa kuanzia sasa ni makao makuu. Watu wakaja kutoka kila upande, wenye maduka, wa madini, makarani, walimu, mafundi wa kila namna. Vyumba vya kupanga vikawa haba kuliko maji, na maji yenyewe yalikuwa haba. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisi ya mkoa, umri umeshasogea, nyumbani wameanza kuniangalia kwa huruma. Nilipanga chumba Bagara pamoja na mwenzangu wa ofisini, Upendo, msichana wa Moshi mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama Mlima Kwaraa, na ukuta ambao haukupigwa lipu, hivi kwamba ukiuegemea usiku unaamka na alama za tofali mgongoni. Tulipika kwenye jiko la mkaa barazani, ugali na perege wa ziwani siku za mshahara, mbaazi siku nyingine zote. Hadi leo nikisikia harufu ya mbaazi zinachemka naanza kuchoka magoti. Ofisini nako kila lililoharibika lilikuwa na maelezo ya aina moja. Karatasi zimekwisha, mkoa mpya. Kiti kimevunjika, mkoa mpya. Siku moja Upendo alichelewa hadi chai imeshanywewa, bosi akamuuliza kulikoni, naye akajibu, "Mkoa mpya, bosi." Bosi akacheka mpaka akasahau kumgombeza.

Gervas nilimfahamu Tabora nilipokuwa nasomea uhazili. Yeye wakati huo alikuwa anajifunza kazi pale stesheni, kijana mrefu, mpole, asiyemaliza sentensi kabla hajaipima. Mwaka ninaousema alikuwa ameshapewa stesheni yake, ndogo, magharibi ya Dodoma, nyumba chache za reli, tangi la maji na mbuga. Mezani kwake palikuwa na simu mbili, moja ya reli ya kuzungumza na stesheni za jirani, nyingine ya kawaida. Hiyo ya kawaida ndiyo aliyonipigia. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana Babati, lakini mikononi mwa wakubwa na wafanyabiashara wa madini. Sisi wengine tulipokelea kwenye kibanda cha Baba Eliya, jirani na stendi. Baba Eliya alikuwa na benchi moja refu, na kila Jumapili baada ya misa tulikaa pale kama wagonjwa, kila mtu akingoja kuitwa. Faragha haikuwepo. Mtu akizungumza na mumewe aliyeko Mererani, sisi tulinyamaza ili tusikie vizuri, na akimaliza tulimpa ushauri.

Nilizoea kumsikia Gervas akifanya kazi. Katikati ya maneno kengele ingelia upande wake, angesema, "Subiri kidogo, Paulina," na ningemsikia kwenye ile simu nyingine: "Naomba njia, treni ya mizigo kutoka Mwanza." Kimya. Halafu sauti ya mbali, kama ya mtu aliye ndani ya debe, ikisema kitu. Halafu yeye: "Nimepewa. Asante." Baadaye dirisha lake lingeanza kutetemeka, muungurumo ungejaa kwenye sikio langu, nami ningekaa nimeshika simu huku Babati, nikihesabiwa dakika, nikisikiliza mabehewa yakipita. Baba Eliya alikuwa akisema, "Dada, hilo treni unalilipia wewe." Siku moja nilimuuliza Gervas kwa nini lazima aombe. Akanieleza kwamba reli ni moja tu, zinazokwenda na zinazorudi zote zinapita hapo hapo, kwa hiyo kabla hujaiachia treni lazima umuulize mwenzako wa stesheni ya mbele kama njia ni tupu, naye lazima akujibu kwa mdomo wake.

"Asipojibu?"

"Unauliza tena."

"Na asipojibu tena?"

"Treni inakaa. Abiria watatukana, wakubwa watapiga simu, yenyewe inakaa tu."

Nilimwambia kazi yake ina ukaidi. Akacheka, akaniuliza nimekula nini, nikamwambia mbaazi.

Upande wangu mtu mwenye usemi katika mambo haya alikuwa Shangazi Magdalena. Alishuka kutoka Mbulu zamani na kulima Sigino, shamba la mahindi na mbaazi na ng'ombe wawili, na kwa kuwa wazazi walikuwa mbali, ndiye aliyepaswa kumpokea mwanaume yeyote atakayekuja kujitambulisha. Jumapili nyingine nilikwenda kwake kula. Jiko lake lilikuwa la udongo, lenye moshi, na yeye aliongea akiwa ameinamia chungu, hivyo maneno yake nayakumbuka yakitoka na mvuke. Alipenda kuongea na jirani yake huku mimi nikimenya viazi, kana kwamba sipo, akijua nasikia kila kitu.

"Huyu wa reli ameuliza kama anaweza kuja?" jirani alimuuliza.

"Bado. Ana simu tu, simu, simu."

"Akiuliza, huyu wenu atajua kujibu? Hawa wa ofisini hawajui."

"Hajibu," Shangazi alisema. "Nimemfunza mwenyewe. Mwanamke akiulizwa nije, hafungui mdomo. Akisema njoo, watu wanasema amechoka kukaa kwao. Kama hataki, hapo ndiyo aseme, hapana, na tunaelewa. Akinyamaza, sisi tunafagia uwanja."

"Na blanketi?"

"Blanketi analoleta mwanaume ni la shangazi. Zito. Sitaki hizi nyepesi za stendi. Sigino baridi inaingia mpaka kwenye meno."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka juu ya viazi. Ndivyo nilivyolelewa, wala sikuona ajabu ndani yake. Mama yangu alinyamaza, dada zangu walinyamaza, na wanaume wote walikuja. Ilikuwa adabu, na ilikuwa pia raha kidogo, maana ukimya wa namna hiyo mwanamke anaukaa akiwa na kicheko kimejaa mashavuni. Upendo nilipomsimulia alitikisa kichwa. "Kwetu ungesema tu njoo, na uje na hela ya pombe ya mbege," alisema. "Nyie watu wa juu mna mambo ya kuchosha."

Gervas aliuliza Jumapili moja ya kiangazi, vumbi limetanda stendi nzima. Benchi la Baba Eliya lilikuwa limejaa. Alikuwa na sauti tofauti siku hiyo, ya mtu aliyejipanga. Akasema ameomba ruhusa ya siku chache kazini, amepata. Akasema ameshanunua lile blanketi la shangazi nililomtajia, la kijivu, zito, na kwamba alilipata Dodoma kwa mtu anayeuza ya jeshi. Halafu akasema, "Sasa, Paulina. Nije Jumamosi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeushika waya wa simu, nauviringisha kidoleni, na uso umeniwaka moto. Mama mmoja kwenye benchi aliniangalia, akaelewa, akamkonyeza mwenzake. Benchi zima likatulia. Upande wa Gervas nikasikia ile kengele ya simu nyingine ikilia, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuongea hakusema nisubiri. Aliiacha ilie.

"Paulina? Unanisikia? Nije?"

Nilitoa pumzi kwa nguvu kidogo ili ajue nipo. Nilidhani hiyo ilitosha, hata ilizidi. Kengele ikaendelea. Akauliza tena kwa mara ya tatu, polepole sana, neno moja tu. Nikatabasamu, nikanyamaza. Kukapita muda. Kisha akasema, "Haya. Nimeelewa."

Akakata simu akaenda kwenye kengele yake, na mimi nikatoka kibandani nikiwa mwepesi mpaka nikasahau kulipa, Baba Eliya akanifuata hadi barabarani. Ameelewa, nilikuwa najiambia njia nzima ya kurudi Bagara. Amesema mwenyewe, ameelewa.

Wiki ile tuliifanyia kazi. Upendo aliazima viti kigangoni na sufuria kubwa kwa mama mwenye nyumba. Tulipaka chokaa ukuta upande mmoja, ule utakaoonekana mlango ukiwa wazi. Ijumaa Shangazi alikuja kutoka Sigino na jogoo wawili na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaingia uani bila hata kusalimia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Huu uwanja ameufagia nani? Mtoto?"

Akaufagia upya mwenyewe. Jumamosi tulipika tangu asubuhi, pilau, kuku, na mbaazi za nazi ambazo Upendo alijifunza Tanga, kwa sababu Shangazi hakuamini kwamba mgeni anaweza kushiba bila mbaazi. Basi la Dodoma kwa njia ya Kondoa lilikuwa likifika jioni, ikiwa halikuharibika, na njia ile wakati huo ilikuwa ya vumbi tupu. Nilikwenda stendi na Upendo. Lilipofika, abiria waliteremka wote wakiwa na rangi moja, nywele, nyusi, midomo, kila kitu rangi ya udongo wa Kondoa, hata mama hawezi kumtambua mwanawe. Kwa hiyo nilimkagua kila mwanaume mrefu usoni, kwa karibu, bila aibu. Mmoja alidhani namtafuta yeye, akanisalimia. Gari likabaki tupu. Upendo akapanda ndani kabisa akaangalia hadi kiti cha nyuma, akashuka, akajikung'uta sketi.

"Labda kesho," alisema.

Tulirudi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kigango, amevaa kitenge chake cha Pasaka, mikono magotini. Alituangalia tulivyoingia wawili. Tuliendelea kungoja kana kwamba anaweza kuja kwa miguu. Chakula kilipoa, tukakipasha, kikapoa tena. Hatimaye Shangazi alichukua bawa la kuku, akalila polepole akitazama lango. "Blanketi langu limekwama wapi?" alisema, kwa utani, na sisi tukajilazimisha kucheka. Jumapili nilikwenda tena kwenye basi. Jioni hiyo Shangazi hakuuliza tena habari ya blanketi. Jumatatu asubuhi alifunga kibuyu chake kitupu kwenye khanga, akaniaga mlangoni, na akasema jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angenitukana: "Usilie ofisini, wataona." Nikaenda kazini. Nilipiga chapa barua za watu siku nzima na sikumbuki hata moja.

Upendo aliniambia nimpigie. Aliniambia jikoni, aliniambia njiani, aliniambia tukiwa tumezima taa. "Mpigie, Paulina. Muulize tu kimetokea nini. Labda anaumwa." Lakini mwanamke aliyepikia mgeni asiyekuja hawezi kumpigia mgeni huyo simu kumuuliza kwa nini. Nilifikiri hivyo, na shangazi yangu alifikiri hivyo, na kwa kweli sijaacha kufikiri hivyo. Jumapili zilizofuata nilikaa benchini kwa Baba Eliya, nikaona wengine wakiitwa. Kengele ikilia nilinyanyuka nusu, nikakaa. Benchi lilikoma kunitania, nikaona huruma yao ni nzito kuliko utani. Mvua zilipoanza niliacha kwenda. Mwaka ukaisha hivyo, mkoa ukazoeleka, ofisi ikapata viti. Baadaye niliolewa na mwalimu wa Singe, mtu mwema, tukazaa watoto wawili, akafa kwa kisukari. Maisha yangu hayakuharibika, na sitaki mtu asome hapa akanionea huruma. Yalichukua tu njia nyingine, na nimeyatembea mpaka nimechoka, kama kila mtu anavyochoka.

Siku ile Dodoma nilimkuta Gervas amekaa barazani kwake, miguu ameinyoosha kwenye kigoda. Alinitambua kabla sijajitaja. Mkewe, Mama Salome, alinikaribisha kwa mikono miwili, akaleta chai ya maziwa na maandazi, kisha akakaa nasi akichambua mchele kwenye ungo. Tuliongea habari za macho, za magoti, za bei ya sukari. Treni ya mizigo ya njia ya zamani ilipita nyuma ya nyumba na vikombe vikatetemeka, naye akageuza kichwa akaisikiliza mpaka behewa la mwisho. Nilingoja ipite. Halafu nikamuuliza, mbele ya mkewe, maana sikuwa na la kuficha na umri huu hauruhusu kuzunguka.

"Gervas, siku ile mbona hukuja?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo lilikuwa lake.

"Nilikuuliza mara tatu," alisema. "Hukujibu."

"Nilinyamaza."

"Ndiyo. Ulinyamaza."

"Kwetu mwanamke akinyamaza, watu wanafagia uwanja. Shangazi alikuja. Tulipika."

Mikono ya Mama Salome ilisimama kwenye ungo. "Mlipika," Gervas alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzee sana. Akasema kwamba Ijumaa ile begi lake lilikuwa limefungwa, liko pale ofisini, blanketi limefungwa juu yake kwa kamba. Treni ya abiria ya kwenda Dar es Salaam ilisimama, ndiyo angepanda kuja Dodoma, mwenzake wa kumshikia zamu alikuwa ameshafika. Akasimama na begi mlangoni. Mwaka mmoja kabla alikuwa amemzika rafiki yake, wa stesheni nyingine, aliyeuliza njia, asijibiwe, akadhani ni tupu, akaiachia treni. "Mimi sikuweza tena kudhani," alisema. "Niliinua bendera ya kijani nikaiachia treni iende. Nilijiambia, amekataa kwa adabu, usimwaibishe kwao. Nikarudisha begi ndani."

Ningeweza kulia, nilijisikia kabisa machozi yako wapi, lakini yalikuwa mbali na mimi nilikuwa nimechoka. Nilifikiria lile benchi, na mama aliyeniangalia akaelewa. Alielewa yeye, na benchi zima likaelewa, watu tuliojuana kwa benchi tu. Mmoja tu ndiye hakuelewa, na ndiye aliyeuliza.

"Mimi nilimjibu kabla hajamaliza kuuliza," Mama Salome alisema, macho kwenye mchele. Hakusema kwa kujivuna. Nadhani alisema kwa sababu ilibidi mmoja wetu aseme neno. "Baba alinigombeza wiki nzima."

Gervas akatabasamu kidogo, nami pia. Nikanywa chai yangu, ilikuwa imeshapoa.

"Na blanketi la shangazi?" nilimuuliza.

Hakujibu yeye. Alijibu mkewe, amesimamisha ungo, ananitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Lile la kijivu?" alisema. "Lilikuwa la mtu? Mimi nililikuta. Watoto wangu wote nimewabebea humo."

Nikamwambia lilikuwa zito, basi, kama Shangazi alivyotaka. Akasema ndiyo, lilikuwa zito sana, lilichelewa kuisha.